Malungu ya Ufipa: Chuma, Jembe na Dola

Historia ya Wafipa, wakazi wa nyanda za juu zilizo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, husimuliwa zaidi kwa majina ya watawala, ilhali kilichozilisha tawala zao kilitoka katika malungu, yaani matanuru marefu ya udongo ya kuyeyushia mawe ya chuma, ambayo magofu yake yangalipo katika nchi hiyo.

Ilungu, ambalo kimo chake kilikaribia mita 3, halikuhitaji mivukuto: hewa ya moto ilipopanda ndani yake ilivuta hewa mpya kupitia matundu ya chini yaliyotiwa mirija ya udongo, na makaa yaliyopangwa pamoja na mawe yakaunguzwa kwa siku kadhaa hadi gesi yake ikayanyang'anya madini hayo oksijeni na kuacha bonge la chuma kilichochanganyika na taka. Bonge hilo lilivunjwa, likayeyushwa tena katika kintengwe, tanuru dogo lililopulizwa kwa mivukuto, ndipo mhunzi akapata chuma safi cha kufulia jembe. Kazi hiyo ilikuwa ibada pia, kwani tanuru lilipambwa kama bibi harusi, dawa zikawekwa ndani yake, na wayeyushaji wakajitenga na wake zao hadi kazi iishe.

Jembe hilo ndilo lililowezesha intumba, yaani matuta ya mviringo ambamo nyasi hufukiwa zioze kabla ya udongo wake kutawanywa na kupandwa ulezi. Utaalamu huu wa mbolea ya majani, unaostahili sifa zaidi ya unazopewa, uliwafaa watu wa nchi yenye nyasi nyingi na miti michache, tofauti na majirani zao Wabemba wanaokata matawi na kuyachoma ili wapate majivu ya kurutubisha shamba.

Kuhusu tawala zilizolishwa na kazi hiyo, masimulizi husema kwamba wanawake wageni wa ukoo wa Watwa walikikalia kiti cha Milansi, himaya kongwe ya Ufipa, wakati mtawala wake akiwa mawindoni, naye akabakiwa na heshima ya kitambiko tu. Baadaye utawala wa Watwa uligawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile.

Uyeyushaji ulikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya viwandani yalipoenea chini ya ukoloni, lakini matuta yameendelea kulimwa kwa majembe hayo ya kununua.