Mutombo: Mzuia mipira wa NBA aliyegeukia kahawa

MKULIMA wa Karagwe au Kyerwa aliyewahi kuuza kahawa kwa butura, ikiwa bado maua mtini, anajua uchungu wa kuvuna mzigo ambao fedha zake zilikwisha siku mtoto alipougua. Kwa mtu huyo, habari za Dikembe Mutombo si za michezo peke yake.

Mutombo alizaliwa Kinshasa Juni 25, 1966. Mwaka 1987 alikwenda Marekani kusoma Chuo Kikuu cha Georgetown, nia yake ikiwa udaktari. Kijana wa futi 7 na inchi 2 hakuweza kujificha. Kocha John Thompson akamwingiza katika timu ya mpira wa kikapu. Hata hivyo hakuacha masomo. Alihitimu isimu na diplomasia mwaka 1991, na mwaka huo huo akachukuliwa na Denver Nuggets ya NBA.

Kazi yake uwanjani ilikuwa kuzuia. Katika misimu 18 alizuia mitupo 3,289, akitanguliwa na Hakeem Olajuwon pekee, na mara 4 alitajwa mlinzi bora wa mwaka. Kila alipozuia alimtikisia mpinzani kidole, kama mama anayemkataza mtoto kugusa chungu. Alistaafu mwaka 2009 baada ya kuumia goti akiwa na Houston Rockets.

Fedha hazikuishia kwenye magari. Mama yake alifariki Kinshasa katika miaka ya 1990 bila kufikishwa hospitali, njia zikiwa zimefungwa kwa machafuko. Mutombo alitoa dola milioni 15 kujenga hospitali ya vitanda 300 mjini humo, ikapewa jina la mama huyo, Biamba Marie Mutombo.

Mwaka 2021 akaanzisha kampuni ya Mutombo Coffee, akiuza Marekani kahawa ya wakulima wa Kongo, wakiwamo wanawake. Hapo ndipo mkulima wa Kagera apaswa kutega sikio. Anayenunua pakiti dukani halipii buni tu. Analipia kukaanga, kufungasha, usafiri na jina lililoandikwa juu ya pakiti, na sehemu kubwa ya fedha hubaki huko, si shambani. Mutombo alikuwa na jina tayari, tena alikuwa na akiba ya kumwezesha kusubiri.

Akiba ndiyo inayokosekana vijijini. Ni rahisi kumwambia mkulima akaange kahawa yake mwenyewe, lakini asiye na fedha za kungoja hata maganda yakauke vizuri ataanzia wapi? Chama Kikuu cha Ushirika Karagwe (KDCU) na vyama vyake vya msingi hukusanya kahawa ya wilaya zote mbili, na minada nayo imesogezwa Kagera. Faida ya mnada humfikia yule tu ambaye kahawa yake bado ni yake siku ya mnada. Butura imepigwa marufuku, lakini marufuku haimlipii mtu dawa. Chama cha msingi chenye mfuko wa kukopeshana kingeweza.

Mutombo alifariki Septemba 30, 2024 kwa saratani ya ubongo, akiwa na umri wa miaka 58. Hospitali ya Kinshasa inaendelea kupokea wagonjwa.