Gundi Kongwe Chini ya Boneti

Chini ya boneti ya motokaa nyingi hubandikwa tabaka la sponji au la nyuzi zilizoshindiliwa. Tabaka hilo huikinga rangi na joto la injini, tena hupunguza mvumo: mawimbi ya sauti huingia katika vitundu vyake, hewa iliyomo husuguana na kuta za vitundu hivyo, na nishati ya sauti hugeuka kuwa joto kidogo. Miaka ikipita, joto, oksijeni na unyevu huzikata molekuli ndefu za sponji, nayo hupukutika kama mkate mkavu. Mwenye gari akitaka kubandika jingine ndipo hugundua kwamba sponji imetoka, lakini gundi imebaki.

Kwa nini gundi hiyo ni kaidi hivyo? Aghalabu ni mpira ulioyeyushwa katika kimiminiko ambacho baadaye kilikauka. Ilipokuwa mpya, kimiminiko kile kile kingeweza kuiyeyusha tena. Lakini joto na oksijeni hujenga madaraja baina ya molekuli zake, hata zikawa kama wavu mmoja. Wavu hauyeyuki. Kimiminiko huingia katika matundu yake, nao huvimba, hulainika, na kuachia bati. Basi mtu asuguaye dakika moja kisha akakata tamaa, kosa lake si la dawa bali la muda.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani kwa gharama ndogo. Kata vipande viwili vilivyo sawa vya mpira wa kufungia karatasi. Kimoja kitie ndani ya maji, cha pili ndani ya mafuta ya taa, ufunike, na uweke mbali na moto. Kesho yake cha kwanza kitakuwa vile vile. Cha pili kitakuwa kimevimba, na ukikivuta kitakatika upesi. Mpira na mafuta ya taa vyote vimeundwa kwa kaboni na haidrojeni, kwa hiyo molekuli zake huchanganyika kwa urahisi. Molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe, na kuuacha mpira kando. Gundi yenye klorini, iitwayo neoprini, hustahimili mafuta zaidi. Ndiyo sababu ni vema kujaribu mahali padogo kwanza.

Mafundi wengi hukimbilia petroli. Huo ni uchaguzi mbaya sana. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 za sentigredi chini ya sifuri, na mvuke huo, kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la jirani. Mafuta ya taa huhitaji nyuzi 38 hivi au zaidi. Hata hivyo, bati lililoanikwa juani huweza kupita kiwango hicho. Fanya kazi kivulini, injini ikiwa baridi na waya za betri zimefunguliwa.

Thina nayo ina hatari yake. Rangi ya kiwandani huokwa hata nayo ikawa wavu, lakini rangi iliyopulizwa gereji mara nyingi hukauka kwa kupotewa na thina tu. Thina ikirudi, rangi huyeyuka. Unene wake wote ni kama sehemu ya kumi ya milimita, kwa hiyo kwangua kwa ubao au plastiki, si kwa kisu.

Baadhi ya magari ya zamani yalibandikwa tabaka lenye asbesto, ambayo vumbi lake huleta saratani. Ukilishuku, usilikwangue wala kulipiga brashi kavu.

Gundi ikilainika, iondoe, kisha osha bati kwa sabuni na maji, na ulikaushe kabisa. Nyunyiza tone la maji: likitandaa, bati ni safi, likijikusanya kama shanga, mafuta yangalipo, na gundi mpya haitashika. Gundi ya mpira hupakwa pande zote mbili, ikaachwa mpaka isinate kidoleni, ndipo pande zikutanishwe. Zikigusana hazisogezeki tena, kwa hiyo anza kubonyeza katikati ukielekea ukingoni.