Miwa ni ya kiwanda, mboga ni ya nyumbani

MKULIMA wa miwa huko Mumias, Kaunti ya Kakamega, akipanda leo husubiri takriban miezi 18 hadi 24 kabla ya kuvuna. Jikoni mwake hata hivyo, ugali huhitaji mboga kila jioni. Familia nyingi huingia katika madeni wakati huo wa kusubiri.

Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kazi mwaka 1973, na kwa miaka mingi mji ulifuata mwendo wake. Malipo yakitoka, maduka hujaa wateja. Yakichelewa, mwenye kioski hufungua daftari la mkopo. Baadhi ya wakulima walipanda miwa hadi mlangoni, wakawa wanunuzi wa sukuma wiki na unga sokoni ilhali wana ardhi.

Hatari yake ilionekana kiwanda kilipodorora na kuwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Kilirejelea kazi mwaka 2022 baada ya kukodishwa, lakini mwaka 2023 usagaji ulisitishwa kwa miezi kadhaa eneo la magharibi kwa sababu ya uhaba wa miwa iliyokomaa.

Hesabu ya mboga

Tuseme familia hununua mboga ya Sh40 kwa siku. Kwa miezi 18, yaani takriban siku 540, hiyo ni Sh21,600. Zikikopwa dukani, hulipwa kutoka kwa pesa za miwa ambazo tayari zimekatwa gharama za kulima, mbegu, mbolea, kuvuna na usafirishaji.

Kipande cha mita 10 kwa 6 si hata sehemu moja kwa hamsini ya ekari. Sukuma wiki ikipandwa kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, huingia miche zaidi ya 200. Huanza kuchumwa takriban miezi miwili baada ya kupandikizwa, na huendelea kwa miezi kadhaa mkulima akichuma majani ya chini na kuacha kilele. Wakati wa kungoja, kunde na mchicha hutoa majani baada ya wiki tatu au nne.

Gharama ya mbegu na dawa lazima iondolewe katika hesabu hiyo. Samadi hupunguza haja ya kununua mbolea, na majani makavu ya miwa ni matandazo mazuri ya kuhifadhi unyevu kuanzia Desemba hadi Februari, wakati mvua ni haba na mboga hupanda bei. Bustani iwe mbali na sehemu za miwa zinazopuliziwa dawa ya kuua magugu.

Kwa mfanyabiashara

Mwenye duka naye asikopeshe kwa kutegemea miwa iliyo shambani. Aweke kiwango cha deni kwa kila mteja, na pesa za kuongeza bidhaa zisitoke zote katika daftari. Anayeuza mboga atapata faida zaidi akiwa na mazao wakati wa kiangazi kuliko msimu wa mvua, wakati kila boma lina sukuma.

Miwa bado ni zao la kuleta pesa nyingi kwa mara moja, za karo au mabati. Mkulima anayejiandaa kupanda tena apime kwanza kipande cha mboga karibu na nyumba, kisha ardhi inayobaki ndiyo aipe miwa.