SUMU YA KUUA MAJANI: VITAMINI C HAITOSHI, KIMBILIA HOSPITALI



Dawa za kuua majani zinatumiwa fasi nyingi: kandokando ya reli, chini ya nyaya za umeme, na hata katika mashamba ya mahindi na mboga. Moja kati yao ni ya kuogopwa sana. Inaitwa parakwati. Ilianza kuuzwa mwaka 1962, na wengi wanaijua kwa jina la Gramoxone. Umoja wa Ulaya uliikataza mwaka 2007, na Brazili mwaka 2020, lakini nchi nyingine zingali zinaitumia.

Kuna watu wanaosema: «Mtu akimeza sumu hiyo, mpe machungwa ao vidonge vya vitamini C, atapona.» Je, ni kweli?

Sumu inafanya nini mwilini?

Parakwati ikiingia mwilini inakwenda hasa kwenye mapafu. Humo inageuza hewa ya oksijeni, ile tunayoivuta kila siku, kuwa kitu kikali kinachochoma nyama laini ya mapafu. Na sumu yenyewe haiishi: ikisha kuchoma mara moja, inaanza tena. Mafigo na ini vinaharibika vilevile. Kisha mapafu yanajaa makovu, yanakuwa magumu, na mgonjwa anakosa pumzi.

Vitamini C ni antioksidanti, maana yake inaweza kuzima vitu vikali vya namna hiyo. Ndiyo sababu waganga fulani walijaribu kuitia katika mshipa wa wagonjwa, pamoja na dawa nyingine. Lakini mpaka leo hakuna uchunguzi mkubwa uliohakikisha kwamba inaokoa maisha. Tena, vitamini C nyingi mno inaweza kuumiza mafigo, ambayo ndiyo yanapashwa kutoa sumu katika mkojo. Na chungwa moja lina miligramu 70 hivi tu. Kumlisha mgonjwa machungwa nyumbani ni kupoteza saa ambazo hatazipata tena.

Usidanganywe na siku za kwanza

Aliyemeza anachomwa kinywani na kooni, anatapika. Pengine kesho yake anaonekana na nafuu, na jamaa wanafurahi. Lakini sumu inaendelea na kazi yake. Shida ya pumzi inaweza kuja kisha siku kadhaa. Kijiko kimoja ao viwili vikubwa vya dawa isiyochanganywa na maji vinaweza kuua mtu mzima. Hakuna dawa inayojulikana ya kuivunja sumu hii.

Mtu akipatwa na ajali, fanya hivi:

1. Umpeleke hospitali mara moja, hata akisema hasikii maumivu. Kule waganga wanaweza kumpa mkaa wa dawa ili ushike sumu tumboni, na kusafisha damu kwa mashine fasi iliyo nayo. Kazi hiyo ina faida hasa katika saa za kwanza.

2. Chukua chupa ao bidoni pamoja na karatasi yake, umwonyeshe munganga. Oksijeni inaweza kuzidisha sumu hii. Munganga akiijua sumu, atajua wakati wa kuitoa.

3. Usimtapishe kwa nguvu wala kumnywesha maji ya chumvi. Sumu inachoma mara ya pili ikipanda kooni.

4. Ikimwagika mwilini, vua nguo na oga kwa maji mengi na sabuni. Ikiingia machoni, osha kwa maji safi dakika 15, kisha uende kwa munganga.

Kukinga ndiyo dawa

Usitie sumu hii hata siku moja katika chupa ya bia ao ya limonadi. Mtoto mwenye kiu hasomi karatasi, na baba anayerudi kazini usiku hawashi taa kila mara. Iache katika bidoni yake, ndani ya sanduku lenye kufuli, mbali na jikoni. Anayepuliza dawa avae glavu za mpira, viatu vya mpira na miwani ya kukinga macho, asipulize penye upepo, na asile wala kuvuta sigara mbele ya kunawa.

Machungwa ni chakula kizuri. Uwape watoto kila siku, wangali wazima. Lakini leo hii, ukifika nyumbani, angalia kwanza chini ya meza na nyuma ya mlango: kama kuna chupa isiyokuwa na jina, usiionje, wala usiache mwingine aionje.