Kiyoyozi si Tiba ya Chumba Kisicho na Dari

Jua la Ukambani linapopamba moto mwezi wa Februari, na tena Septemba kabla ya mvua, vyumba vingi vya kukodi vya Matinyani hugeuka tanuri. Si ajabu basi kwamba walimu wapya wanaopelekwa huko Kitui huniuliza: ni kiyoyozi kidogo kipi kinachofaa kununuliwa? Jibu langu huwa moja. Tazama juu kwanza, kabla ya kutia mkono mfukoni.

Aghalabu vyumba hivyo vimeezekwa mabati matupu pasipo dari. Bati hulipokea joto la jua na kulimwaga chini, juu ya mwalimu na madaftari yanayosubiri kusahihishwa. Kiyoyozi nacho hakiumbi baridi. Hulichukua joto la ndani na kulitupa nje. Ikiwa chumba kinaingiza joto mchana kutwa, kukipoza kwa mtambo ni sawa na kuteka maji kwa pakacha.

Tupige hesabu. Kiyoyozi kidogo cha BTU 9,000 hula takriban wati 900. Kikifanya kazi saa 5 mfululizo, ni yuniti 4 na nusu za umeme. Feni ya wati 50 huzunguka saa 20 kwa yuniti 1 tu. Isitoshe, kiyoyozi cha kusimama sakafuni lazima bomba lake la hewa moto litokezwe nje, na cha ukutani huhitaji ukuta utobolewe. Mwenye kutoa idhini ni mwenye nyumba.

Wako pia wauzao vijisanduku vya kutiwa maji na kuviita viyoyozi. Hivyo hupoza hewa kwa kuyageuza maji kuwa mvuke. Katika ukavu wa Kitui vyaweza kusaidia kiasi, ilhali Mombasa, penye hewa ya unyevu, havifui dafu. Lakini ni nani Matinyani aliye na maji ya kuchezea wakati wa kiangazi?

Kwa maoni yangu, mpangaji asibebeshwe gharama ya kasoro ya jengo. Mwalimu na adai dari na matundu ya hewa kabla ya kutia sahihi mkataba. Jua likichwa, afungue madirisha, kwani usiku wa Kitui hupoa. Kisha anunue feni. Joto likizidi baada ya hayo, ndipo tuzungumze habari za kiyoyozi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walinena wahenga. Nami naongeza: ukuta wenyewe ni wa mwenye nyumba.