Sonona: Istilahi, Ubongo na Tiba

Miongoni mwa istilahi zinazomfanya mfasiri wa maandiko ya afya asite, mojawapo ni jina la ule ugonjwa unaomwondolea mtu hamu ya maisha. Katika maandiko yetu ugonjwa huu umeitwa huzuni, huzuni kuu, mfadhaiko, msongo wa mawazo, unyogovu na sonona. Majina sita kwa maradhi mamoja si utajiri wa lugha. Mgonjwa aliyesoma jina moja katika kijitabu, akasikia jingine redioni na la tatu zahanati, hawezi kujua kuwa ni jambo lile lile linalosemwa. Makala haya yanakusudia kueleza maarifa ya kisayansi kuhusu ugonjwa huo, na kuonyesha kwa nini maarifa hayo yatuongoze katika kuchagua na kufafanua istilahi yake.

Madhara ya kukosa jina yalikwisha kuonekana zamani. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, daktari aliyewahi kusimamia Hospitali ya Mathari, Nairobi. Daktari huyo alidai kwamba ugonjwa huu ni nadra miongoni mwa Waafrika. Tafiti za baadaye zilibatilisha dai hilo. Ugonjwa ulikuwapo, ila wagonjwa hawakuueleza kwa maneno aliyoyatarajia daktari wa Kizungu. Walisema juu ya kichwa kuuma, mwili kuchoka, usingizi kupotea na mawazo kuwa mengi.

Mfano mwema wa njia iliyo sahihi unatoka Uganda. Paul Bolton na wenzake, walipofanya uchunguzi katika wilaya za Masaka na Rakai, hawakuanza na istilahi ya kigeni. Waliwauliza wenyeji wataje matatizo yao kwa Kiganda. Wenyeji wakataja hali ya mtu kujichukia, yaani okwekyawa, na hali nyingine ya mtu kujihurumia mno. Dalili za hali hizo zilipolinganishwa na dalili zilizomo katika vitabu vya tiba, zikaonekana kukaribiana sana. Hivyo basi, jina la Kiganda likawa mlango wa kuingilia katika tiba, kama tutakavyoona.

Sasa tuuangalie ugonjwa wenyewe. Huzuni ni hali ya kawaida ya binadamu: mtu hufiwa, hushindwa, hutengwa, akahuzunika, na siku zikipita hutulia. Sonona ni jambo jingine. Madaktari huitambua pale mtu anapokuwa na moyo mzito, au anapokosa kuona raha katika mambo aliyoyapenda, karibu kutwa nzima na karibu kila siku kwa muda usiopungua majuma 2. Pamoja na hayo huja dalili nyingine: usingizi na hamu ya chakula kubadilika, uchovu, fikra kutotulia, kujilaumu kupita kiasi na mawazo ya kifo. Wako wagonjwa wasiolia wala kuonyesha majonzi, ila wamekauka tu ndani. Kwa sababu hiyo neno “huzuni” haliwezi kubeba maana yote.

Je, ndani ya ubongo hutokea nini? Seli za neva hupelekeana habari kwa njia ya kemikali zinazovuka mwanya mwembamba uliopo baina ya seli na seli. Katika miaka ya 1950 ilionekana kwamba iproniazidi, dawa iliyotumika kutibu kifua kikuu, iliwachangamsha baadhi ya wagonjwa. Mwaka 1957 Roland Kuhn wa Uswisi akatangaza manufaa ya imipramini kwa wenye sonona. Kwa kuwa dawa hizo ziliathiri kemikali za neva, ilidhaniwa kuwa ugonjwa ni upungufu wa kemikali hizo. Mwaka 1965 Joseph Schildkraut wa Marekani aliieleza nadharia hiyo kwa upande wa noradrenalini, na wengine wakaielekeza kwenye serotonini.

Nadharia hiyo haikutosha. Dawa nyingi hubadilisha kemikali hizo mapema, lakini nafuu kamili huchukua majuma kadhaa kuja. Aidha, mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2022 hayakuona ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na upungufu wa serotonini. Haina maana kwamba dawa hazisaidii, kwani dawa yaweza kupunguza maumivu bila ya maumivu hayo kuwa yametokana na upungufu wa dawa hiyo mwilini.

Leo wataalamu hutazama mambo kadhaa kwa pamoja. Shida za muda mrefu huufanya mwili utoe kwa wingi homoni ya kortisoli. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, imeonekana kuwa ndogo kidogo kwa wastani katika makundi ya wagonjwa. Kadhalika, mawasiliano kati ya sehemu ya mbele ya ubongo, inayoratibu fikra, na sehemu za ndani zinazoshughulikia hofu na raha, huonekana kubadilika. Urithi nao una nafasi yake, na vivyo hivyo ufukara, upweke na mateso ya utotoni. Hata hivyo, hakuna picha ya ubongo wala kipimo cha damu kinachoweza peke yake kuthibitisha kwamba mtu fulani ana sonona.

Tiba nazo ni zaidi ya moja. Ziko dawa, ambazo hutumiwa kwa ushauri wa daktari na hazifai kuachwa ghafla. Iko tiba ya mazungumzo, ambamo mgonjwa husaidiwa kuzichunguza fikra zake, kurekebisha mahusiano yake, na kurejea hatua kwa hatua katika shughuli alizoziacha. Mazoezi ya mwili na usingizi wa kutosha husaidia pia. Katika wilaya zile zile za Masaka na Rakai, vijiji 30 vilihusishwa katika jaribio lililochapishwa mwaka 2003. Wagonjwa wa baadhi ya vijiji walikutana katika vikundi mara moja kwa juma kwa majuma 16, wakiongozwa na watu wa huko huko waliopewa mafunzo. Nafuu yao ilizidi sana ile ya wenzao wasiokuwa na vikundi.

Kutokana na hayo yapo mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, neno “sonona” lishikwe kuwa istilahi ya ugonjwa huu. Lina undugu na kusononeka, yaani kuumia ndani kwa ndani, na halidai lolote juu ya chanzo. “Msongo wa mawazo” ubaki kuwa jina la shinikizo linalomwelemea mtu, na “wasiwasi” uwe jina la hofu isiyotulia. Pili, mfasiri asiufafanue ugonjwa kwa kusema kuwa ni “upungufu wa kemikali ubongoni”. Nadharia hubadilika, bali fasili iliyochapishwa hukaa vitabuni miaka mingi. Tatu, maswali ya mganga kwa mgonjwa yasitumie istilahi peke yake. Msemaji wa Kiswahili huweka hisia zake moyoni: akisema moyo unamuuma, aweza kupelekwa kupimwa kifua na kurudishwa nyumbani bila msaada. Hojaji zitafsiriwe kwa maneno ya mgonjwa, kisha zijaribiwe kwa watu wa mahali panapohusika.

Swali gumu kuliko yote, yaani kama mgonjwa amewaza kujiua, nalo liulizwe kwa maneno ya wazi na ya upole. Kuliuliza hakumtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, bali humpa nafasi ya kusema. Mafumbo hapa hayamsitiri mgonjwa. Yaweza kumnyima msaada katika saa anayouhitaji kuliko saa zote.