Faili za kujengea programu: mlango usio na bawabu

Programu nyingi tunazotumia kwenye simu na kompyuta hazikuandikwa na mtu mmoja. Mwandishi huchukua vipande vilivyokwisha kuandikwa na wengine, aghalabu bure, akavitia katika kazi yake. Vipande hivyo huitwa maktaba. Ni kama fundi wa jahazi: mbao huzichonga mwenyewe, misumari huinunua dukani.

Maktaba huja na faili za kujengea, yaani maagizo yanayoiambia kompyuta ikusanye nini, kwa mpangilio gani, na iunganishe na nini. Msimbo wenyewe una wakaguzi. Faili hizi wanaozifungua ni wachache, kwa kuwa ni ndefu na zinachosha.

Hapo ndipo adui alipopita. Xz Utils ni maktaba ya kubana faili, na imo karibu katika kila mfumo wa Linux, unaoendesha seva nyingi duniani. Kwa miaka mingi ilitunzwa na Lasse Collin, kwa kujitolea. Mwaka 2021 alitokea mtu akijiita Jia Tan, akaleta marekebisho mazuri. Mwaka uliofuata wengine wakaanza kumshinikiza Collin kwamba kazi inachelewa, aongeze msaidizi. Hatimaye Jia Tan akakabidhiwa funguo.

Februari 2024 likatoka toleo 5.6.0, na Machi likafuata 5.6.1. Msimbo wa hila ulifichwa katika faili za majaribio, na huko peke yake usingedhuru mtu. Kilichoutoa mafichoni ni mistari michache katika faili ya kujengea, build-to-host.m4. Mistari hiyo haikuwamo katika hazina ya wazi wanayoitazama wakaguzi. Ilikuwamo katika furushi la kupakua tu. Lengo lilikuwa mwenye ufunguo wa siri aweze kuziamuru seva za watu kutoka mbali.

Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft. Aliona kuingia kwenye kompyuta kunachukua kama nusu sekunde zaidi, akafuatilia, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza. Matoleo hayo yalikuwa yameshaingia katika mifumo ya majaribio ya Debian na Fedora, lakini hayakuwa yamewafikia watumiaji wengi.

Kwa vijana wetu wanaoandika programu, funzo ni hili. Unapoleta maktaba ya mwengine, soma faili zake za kujengea kama unavyousoma msimbo. Taja toleo unalotumia, na uhakiki alama yake kabla ya kujenga. Linganisha furushi na hazina. Toleo jipya likitoka, tazama kilichobadilika katika maagizo, usinakili tu.

Na kampuni zinazojipatia mali kwa kazi za bure ziwakumbuke watunzaji wake. Mlinzi mmoja aliyechoka, asiye na zamu wala mshahara, ni rahisi kumpokonya funguo. Kikulacho ki nguoni mwako.